Zinki yetu iko chini ya kikomo cha shirikisho, mbona mji umetuandikia barua ya ukiukaji?

Swali la msomaji:

Shikamoo mhandisi. Mimi ni mtu wa Tanga, huu ni mwaka wangu wa nne Ohio. Nafanya kazi kwenye kiwanda kinachopaka zinki kwenye bolti na mabano ya chuma, na mwaka huu nimekabidhiwa chumba cha majitaka. Tunachukua sampuli mara moja kwa mwezi, kwenye shimo la ukaguzi, kabla maji ya vyooni hayajajiunga. Mwezi uliopita zinki ilisoma miligramu 1.9 kwa lita. Sheria ya shirikisho inaturuhusu 2.61, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi, nikayaweka majibu mezani wiki mbili nikisubiri kuyapeleka na ripoti. Mji ukajibu kwa barua ya ukiukaji: kikomo chao ni 1.3. Mji wa jirani, ambao uko kwenye mto huuhuu, kikomo chao ni 3.6! Bosi wangu anasema hata maji ya kunywa yanaruhusiwa zinki 5. Je, mji una haki hiyo au tunaonewa? Na tukiongeza maji safi kidogo, si tutashuka chini ya 1.3?

Jibu:

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na majibu mafupi: mji una haki hiyo kisheria, hamwonewi, na maji usiongeze hata ndoo moja. Halafu kuna mambo matatu ambayo hukuniuliza lakini yamo ndani ya barua yako, na mojawapo ni zito kuliko hiyo 1.3. Nitayafikia. Kwanza nataka uijue namba hiyo ilikozaliwa, maana ukishajua ilikozaliwa utajua pia pa kuishika.

Miaka mingi nimefanya kazi upande wa pili wa bomba lenu, kwenye mtambo wa mji unaopokea maji ya viwandani, na kukokotoa vikomo vya namna hii ni sehemu ya kazi yangu. Wenye viwanda wamenijia wamekasirika kama bosi wako, na karatasi ya mji wa jirani mkononi. Siwalaumu. Ukiziona namba mbili tupu, bila hesabu iliyozizaa, lazima ufikiri kuna mtu amependelewa.

Jambo la kwanza ni kwamba zinki haiozi. Mwaga damu ya machinjioni, maziwa yaliyoharibika, kinyesi, uji uliochacha: bakteria wa mtamboni watakula, watazaliana, na uchafu ule utageuka hewa, maji na tope. Zinki hakuna anayeila. Ikiingia kilo moja itatoka kilo moja, na milango ya kutokea ni miwili tu. Ama inapita na maji yaliyosafishwa kwenda mtoni, ama inashikamana na tope na kuondoka nalo kwenye lori. Shaba ni hivyohivyo, nikeli hivyohivyo, risasi na kadimi hivyohivyo. Mtambo wa majitaka ya mji ulijengwa kwa ajili ya vyoo na majiko. Metali unaigawa tu kati ya mto na tope.

Kwa hiyo kikomo cha mji hakianzii kiwandani kwenu. Kinaanzia mtoni na kwenye tope, kisha kinahesabiwa kurudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka kwenye shimo lenu la ukaguzi.

Hiyo 2.61 ni kitu kingine kabisa. Ilitolewa mwaka 1983 kwa ajili ya viwanda vya kumalizia vyuma Marekani nzima, na walioiandika walijiuliza swali moja: kiwanda cha namna hii, kikiwa na mitambo inayofahamika ya kugandisha na kutuamisha metali, na kikiiendesha vizuri, kinaweza kushusha zinki hadi wapi? Ni kipimo cha uwezo wa teknolojia. Hakijui mto wenu unapungua kiasi gani mwezi wa Agosti, wala hakijui mko viwanda vingapi kwenye bomba moja. Ndiyo sababu kanuni za mwaka 1978, zilizotungwa chini ya Sheria ya Maji Safi ya 1972, hazikuishia kwenye viwango vya kitaifa. Mamlaka ya majitaka yenye uwezo wa kupokea zaidi ya galoni milioni 5 kwa siku, yaani karibu lita milioni 19, na yenye viwanda vinavyoweza kuuvuruga mtambo au kupitisha sumu hadi mtoni, inatakiwa iwe na mpango wa kuvisimamia viwanda hivyo pamoja na vikomo vyake yenyewe. Vikishapitishwa kwa utaratibu, vikomo hivyo vinasimama kama sheria ya shirikisho. Kiwanda kinavifuata vyote viwili, na kati ya namba mbili ile kali ndiyo inayokubana.

Chini ya hayo yote kuna makatazo ambayo hayahitaji kikokotoo. Usimwage kitu chenye pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, chini ya 5. Usimwage kitu ambacho mvuke wake unaweza kushika moto kabla ya kufika nyuzi 60 za Selsiasi. Usimwage maji ya moto kiasi cha kufanya yanayoingia mtamboni yapite nyuzi 40. Alfajiri ya tarehe 13 Februari 1981, mjini Louisville, Kentucky, heksani, kiyeyusho kinachoshika moto upesi, iliyotoka kwenye kiwanda cha kusindika soya ilijaza mvuke kwenye mifereji mikubwa ya majitaka ikalipuka, na zaidi ya kilomita 3 za mitaa zikafumuka. Watu 4 waliumia; hakufa mtu, na kila nikiziangalia picha za barabara zile nashukuru kwamba ilikuwa alfajiri. Kwa kiwanda kama chenu hatari ya namna hiyo ni asidi kukutana na sayanidi, kama bado mnatumia beseni la sayanidi. Hewa inayotoka pale inamuua fundi aliyeinama kwenye shimo kabla hajapiga kelele.

Sasa chukua kalamu. Namba nitakazotumia ni za mfano. Nimezipanga zikaribie hali ya miji yenu miwili ili uione njia. Za mji wenyewe utaziomba ofisini kwao. Shika kanuni moja: miligramu 1 kwa lita ikizidishwa kwa lita milioni 1 ni kilo 1. Ofisini watakuonyesha namba 8.34 kila mahali. Usiogope, ni hesabu hiihii kwa pauni na galoni.

Tuseme mtambo unapokea lita milioni 20 kwa siku. Tuanze na mto. Ili samaki waishi, maji yanayotoka mtamboni yasizidi zinki miligramu 0.12 kwa lita. Lita milioni 20 mara 0.12 ni kilo 2.4 kwa siku, hizo ndizo mto unazoweza kupokea. Vipimo vya mtambo vinaonyesha kwamba asilimia 80 ya zinki hukamatwa na tope na asilimia 20 hupita. Kama kilo 2.4 ni sehemu ya tano tu ya kilichoingia, basi mlangoni zinaweza kuingia kilo 12.

Njoo kwenye tope. Mtambo unatoa kilo 4,000 za tope kavu kwa siku, na wakulima wanalichukua kama mbolea. Kanuni za tope za mwaka 1993 zina kiwango cha miligramu 2,800 za zinki kwa kila kilo ya tope kavu kwa tope la daraja safi. Kilo 4,000 mara hizo ni kilo 11.2 za zinki. Kwa kuwa hiyo ni asilimia 80 ya iliyoingia, mlangoni ni kilo 14.

Halafu bakteria. Zinki ikizidi inawalemaza, hasa wale wanaoshughulikia amonia, ambao ni dhaifu kuliko wenzao. Tuseme mtambo huu unavumilia miligramu 1 kwa lita: kilo 20.

Una kilo 12 za mto, 14 za tope, 20 za bakteria. Inayotawala ni ndogo kuliko zote: 12. Mwongozo wa EPA, Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, unashauri kutenga angalau asilimia 10 kwa ajili ya tahadhari, kwa hiyo inabaki 10.8. Hapo hamjagawiwa ninyi bado. Toa kwanza zinki ya majumbani, ambayo hakuna kibali kinachoweza kuizuia: mabomba ya zamani yaliyopakwa zinki, shampuu ya mba, krimu ya watoto, vidonge vya vitamini, na chakula chenyewe. Mjini kwenu viwanda vinamwaga lita milioni 6 kwa siku, hivyo nyumba na maduka ni lita milioni 14. Kwa miligramu 0.2 kwa lita, hizo ni kilo 2.8. Zimebaki kilo 8 za viwanda vyote. Zigawe kwa lita milioni 6: 1.33. Wakaandika 1.3.

Nenda mji wa jirani. Mtambo ukubwa uleule, mto uleule, lakini viwanda vyao vinamwaga lita milioni 2 tu. Nyumba na maduka ni lita milioni 18, zinki yao kilo 3.6. Kwenye 10.8 zinabaki 7.2, ukigawa kwa milioni 2 unapata 3.6.

Umeona? Wanaogawa hawakubadilika na sinia la wali halikubadilika. Kwenu wamekuja wageni sita, kwa jirani wamekuja wawili. Na huyo mwenye kiwanda cha kupaka zinki wa mji wa jirani mnayemwonea wivu hajapata uhuru mnaoufikiria. Kikomo cha mji wake ni 3.6, lakini 2.61 ya shirikisho bado inamfunga kama inavyowafunga ninyi.

Hoja ya bosi kuhusu maji ya kunywa nimeisikia mara nyingi, na inastahili jibu la heshima kwa sababu namba yake ni ya kweli. Kiwango cha zinki 5 kwenye maji ya kunywa Marekani kipo. Ni kiwango cha ladha: zinki ikipita hapo maji yanakuwa na ukakasi mdomoni. Mwili wa binadamu unaihitaji zinki, na ikizidi kidogo tumbo na figo vinajua pa kuipeleka. Samaki hana nafasi hiyo. Kwake maji ndiyo hewa. Yanapita kwenye mashavu yake mchana na usiku, na zinki iliyoyeyuka inashambulia ngozi ile nyembamba anayopumulia mpaka anakosa pumzi akiwa ndani ya maji. Ndiyo maana kigezo cha EPA kwa viumbe wa maji baridi ni kama miligramu 0.12 kwa lita, na hapo ni kwa maji yenye ugumu wa 100, yaani yenye chokaa ya wastani. Kwenye maji laini kigezo kinashuka zaidi, kwa sababu ile chokaa ndiyo inayomkinga samaki. Miji miwili yenye viwanda sawa kabisa inaweza kutofautiana kwa jambo hilo tu: mmoja mto wake unapita kwenye mawe ya chokaa, mwingine haupiti.

Sasa maji ya kuongeza. Chukua kwamba mnamwaga lita 100,000 kwa siku. Kwa 1.9, hizo ni gramu 190 za zinki. Fungua bomba uongeze lita 50,000 za maji safi: sasa ni lita 150,000 na karatasi ya maabara itasoma 1.27. Umepita? Gramu ni zilezile 190, na mto unahesabu gramu. Kanuni za shirikisho zinakataza waziwazi kutumia maji ya kuzimulia badala ya kusafisha, na kufanya hivyo kwa makusudi kunaweza kukutoa kwenye ukiukaji wa kawaida kukupeleka kwenye jinai. Tena hufichi kitu. Mimi kesi moja niliigundua kwa bili ya maji peke yake: uzalishaji haukubadilika, maji yaliongezeka kwa theluthi, na zinki ikashuka vizuri mno. Nakuomba, wewe ni mgeni kwenye nchi ya watu na jina linalotiwa sahihi kwenye kitabu cha chumba kile ni lako. Akikuambia mtu yeyote ufungue bomba, mwambie akuandikie kwa maandishi.

Nimefika kwenye yale matatu ambayo hukuuliza.

Zito kuliko yote ni hili: hamko chini ya kikomo cha shirikisho. Ile 2.61 ni ya siku moja. Kuna ya pili, wastani wa mwezi, nayo kwa zinki ni 1.48. Mnachukua sampuli moja kwa mwezi, basi sampuli hiyo moja ndiyo wastani wa mwezi. 1.9 imepita 1.48. Hata kama mji ungekuwa hauna kikomo chochote, mwezi uliopita mlikuwa mmekiuka. Angalia kibali chenu, jedwali la vikomo, safu ya pili; watu huisoma ile ya kwanza tu. Kama mngechukua sampuli tatu au nne mwezi ule, wastani ungeweza kushuka, lakini sheria inasema kila sampuli iliyopimwa kwa njia inayotambulika lazima iripotiwe. Huwezi kuchukua nne ukachagua mbili nzuri.

La pili ni yale majibu yaliyolala mezani wiki mbili. Kiwanda kikipima chenyewe na kugundua kimevuka kikomo, kinatakiwa kiwaarifu mji ndani ya saa 24 tangu kilipojua, kisha kirudie sampuli na kupeleka majibu mapya ndani ya siku 30. Kuchelewa huko ni ukiukaji wa peke yake, na nina hakika ukiisoma barua yao tena utakuta umetajwa. Leo hii, kabla hujamaliza kusoma, piga simu. Andika tarehe, saa, na jina la uliyezungumza naye. Wakaguzi wa mji ni watu. Wanamchukulia tofauti anayepiga simu mwenyewe na anayengoja kukamatwa.

La tatu linahusu gazeti. Kila mwaka mji unatakiwa kuchapisha majina ya viwanda vilivyokiuka kwa uzito. Kwa metali, sampuli inaingia kwenye hesabu hiyo ikifikia kikomo mara 1.2. Kwenu ni 1.56, na 1.9 imepita hapo. Zikifika asilimia 33 za sampuli katika miezi 6, jina la kiwanda linachapishwa. Ninyi mna sampuli sita katika miezi sita. Mbili tu za namna hii, mmeingia. Mmeshatumia moja.

Tuje kwenye chumba chako, kwa sababu huko ndiko utakakopatia usingizi. Usianze kwa kuongeza kemikali. Anza kwa chupa mbili.

Zichukue kwa wakati mmoja, mahali pamoja. Ya kwanza itie asidi ya nitriki ya kuhifadhia na uipeleke maabara kama ilivyo. Ya pili ipitishe kwanza kwenye kichujio cha mikroni 0.45, palepale, ndipo uitie asidi. Mpangilio huo usiugeuze: asidi ikitangulia inayeyusha chembe zote na kichujio kinakuwa hakina kazi. Na tafadhali, usichotee kwa ndoo ya bati wala kwenye bomba la mabati. Bati lile limepakwa zinki. Nimeona kiwanda kikihangaika miezi miwili kwa sababu ya kiungo kimoja cha mabati kwenye bomba la kuchukulia sampuli.

Kama isiyochujwa inasoma 1.9 na iliyochujwa inasoma 0.2, kemia yako ni nzima. Zinki imeshaganda, ila chembe zinatoroka. Angalia tope kwenye tangi la kutuamisha limejaa hadi wapi, angalia pampu inasukuma maji kwa vipindi vya ghafla au kwa mtiririko mmoja, angalia polima yako, ile kemikali ya kuunganisha chembe ziwe mabonge, ina siku ngapi tangu ichanganywe. Kama iliyochujwa nayo inasoma 1.6, zinki bado imeyeyuka, na hapo kuna washukiwa wawili. Mmoja ni pH. Zinki huganda vizuri kati ya 9 na 10. Chini ya hapo inabaki kwenye maji, na ukipandisha mno inayeyuka tena. Mafundi wengi wakiona zinki imepanda wanaongeza soda kali, na wakivuka 10.5 wanaifungulia mlango upya. Sensa ya pH isafishe na uipime kwa maji ya rejea ya 7 na 10 kila asubuhi, si kila Jumatatu. Mshukiwa wa pili ni kemikali inayoikumbatia metali isigande, kama amonia au EDTA, na mara nyingi inaingia na sabuni mpya ya kuondolea mafuta. Muulize mtu wa manunuzi kama mwezi ule walibadilisha sabuni au muuzaji. Swali hilo limenipatia jibu mara nyingi kuliko maabara.

Fanya jaribio la glasi. Panga glasi sita za maji yaleyale yanayoingia kwenye mtambo wenu, pandisha pH ya kila moja: 8.5, 9, 9.25, 9.5, 10, 10.5. Tia polima, koroga haraka kidogo, kisha polepole kabisa. Utaona maji yanavurugika kama tui lililokatika, halafu mabonge meupe yanaanza kushuka. Baada ya dakika 15 weka gazeti nyuma ya glasi. Ile unayoweza kusoma maandishi kupitia maji ya juu, hiyo ndiyo pH ya mtambo wenu. Namba ya kwenye kitabu ni ya maji ya kwenye kitabu.

Halafu rudi nyuma zaidi, kwenye mabeseni. Gramu 190 hizo hazizaliwi kwenye chumba chako. Pipa la bolti linapoinuliwa kutoka kwenye beseni la zinki linabeba maji ya zinki ndani yake, na ndiyo hayo yanayoenda kusuuzwa. Simama pale ukiwa na saa. Kama pipa linaning'inia sekunde 5, omba lining'inie 20 na lizungushwe mara mbili likiwa juu ya beseni. Maji ya suuza ya kwanza yatumike kujazia beseni lenyewe. Kila gramu inayorudi hapo ni zinki ambayo kampuni imeshailipia, na bosi wako ataielewa lugha hiyo haraka kuliko lugha ya samaki.

Na bosi ana pa kupeleka hoja yake, ila si kwenye maji ya kunywa. Hesabu niliyokuonyesha inagawa kilo 8 sawa kwa sawa kwenye lita zote milioni 6, pamoja na za kiwanda cha maziwa na dobi kubwa ambao hawana zinki zaidi ya ya vyooni. Mji unaruhusiwa kugawa kwa njia nyingine: wapewe wanaoihitaji tu. Tuseme nusu ya maji hayo, lita milioni 3, hayana zinki ya kiwandani. Yahesabie 0.2, kilo 0.6. Zinabaki 7.4 kwa lita milioni 3 zenu, karibu 2.5. Au mji ukubali kikomo cha gramu kwa siku badala ya miligramu kwa lita, ambacho kinamfaa anayepunguza maji ya kusuuzia. Hesabu yote ya vikomo ni waraka wa umma. Iombeni. Tazameni asilimia ya ukamataji ilipimwa mwaka gani, sampuli za mitaa ya makazi zilikuwa ngapi, na kibali cha mtambo cha kumwaga mtoni, ambacho hudumu miaka 5, kimeanza upya lini. Kikianza upya mji unatakiwa kutathmini kwa maandishi kama vikomo vinahitaji kurekebishwa. Kabla ya vikomo vipya kupitishwa lazima umma upewe nafasi ya kutoa maoni, na maoni hayo bosi ayapeleke mwenyewe. Lakini ajue kwamba kulegeza kikomo kunahitaji idhini juu ya mji, huchukua miezi, na 1.48 ya mwezi itabaki palepale.

Wasomaji wa nyumbani huniuliza kama mambo haya yapo kwetu. Kenya, kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka jedwali zima la vikomo vya kumwaga kwenye mfereji wa umma, namba moja kwa nchi nzima. Ni rahisi kuisimamia, na ni bora mara nyingi kuliko kutokuwa nayo. Ila namba moja haiulizi maji yanaishia kwenye bwawa gani. Sehemu kubwa ya majitaka ya Nairobi huenda kwenye mabwawa ya Dandora, huko Ruai, na kwenye bwawa ule mlango wa tope hauna lori la kila wiki: metali inatulia chini ya maji miaka na miaka, na siku ya kulifukua ndipo deni linapoonekana. Mhandisi kijana atakayekaa akaifanya hesabu ya kurudi nyuma kwa mabwawa yale atakuwa ametufanyia kazi kubwa.

Kwako wewe: simu leo, chupa mbili kesho, glasi sita kabla ya Ijumaa, na sampuli ya marudio ndani ya zile siku 30, kama bado hazijaisha. Majibu ya chupa yakirudi niandikie yote mawili, iliyochujwa na isiyochujwa, pamoja na pH uliyosoma saa ileile uliyochota, nitakuambia pa kuanzia.